Mwanahalima Haonekani Darasani

Kila asubuhi Mwanahalima Mwishehe huamka kabla ya adhana. Husali, hubandika chai, kisha humwamsha binti yake Raudha, aliye darasa la tatu. Mumewe Seif huwa ameshaondoka kwenda kazini Ruvu, kwenye mitambo ya maji. Siku hizi nyumba yao ya Kongowe, Kibaha, ina wanafunzi wawili. Mmoja hutafuta soksi zake kila siku. Mwingine hutafuta sababu ya kutokwenda.

"Mama, mwalimu wenu anachapa?" Raudha aliuliza asubuhi moja, mdomo umejaa andazi.

"Chuo kikuu hawachapi, mwanangu."

"Sasa mbona unaogopa?"

Mwanahalima alimwekea sawa mtandio wake wa shule, akamwambia atachelewa.

Mwanahalima alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Alizaliwa Mzenga, Kisarawe. Alipomaliza kidato cha nne hakupata nafasi ya kuendelea, akafundisha chekechea ya kijiji kwa miaka sita. Alipoolewa akahamia Kongowe. Huko alianza masomo ya jioni. Miaka minne alipika mapema, akaenda darasani jua likizama, akarudi Raudha ameshalala. Mwisho akafaulu kidato cha sita, akachaguliwa chuo kikuu kusomea ualimu wa watoto wadogo. Barua ilipofika, mama yake kule Mzenga aliita wanawake wenzake wakamsomea dua. Walilia kwa furaha.

Mambo yaliharibika siku ya kwanza kabisa.

Alifika ukumbini dakika chache kabla ya kipindi. Vijana walijaa, wengi wa miaka ishirini, kelele mpaka darini. Mwanahalima alikuwa amevaa gauni la kitenge, miwani, na mkoba mkubwa aliotumia enzi za chekechea. Aliposimama mlangoni, kelele zikakatika. Safu ya mbele wakasimama, kisha ukumbi mzima.

"Shikamoo, madamu!"

Mazoea ni kitu kibaya. Miaka sita alisimama mbele ya watoto. Kabla hajafikiri, mdomo wake ukajibu wenyewe.

"Marahaba. Hamjambo? Haya, kaeni."

Wakakaa. Watu mia moja na sitini.

Mwanahalima angesema palepale, wangecheka kidogo na yangekwisha. Lakini aliona haya. Alipita katikati yao, akaenda kukaa kiti cha nyuma, akatoa daftari. Kama alivyofundisha watoto, aliandika tarehe juu ya ukurasa. Chini yake akaandika kila kitu, hata saa mhadhiri alipoingia.

Kipindi kilipokwisha, msichana mmoja aitwaye Nuria alimsogelea kwa adabu.

"Samahani, mama. Wewe ni mkaguzi?"

Mwanahalima alitabasamu tu. Tabasamu lile likageuka kuwa jibu.

Tangu siku hiyo darasa zima lilijua kwamba mama wa nyuma ni mkaguzi. Karatasi ya mahudhurio ilipozungushwa, kijana aliyekaa kando yake aliipitisha juu ya mapaja yake. "Samahani, mama, napitisha." Kwenye kundi la WhatsApp la darasa hakuwekwa. Makundi ya kazi za pamoja yalipogawanywa, hakuna aliyemwita. Walimwamkia vizuri. Walimpisha mlangoni. Heshima ilikuwa nyingi, na yeye alikuwa peke yake ndani yake.

Kila usiku aliomba, "Ewe Mola, nitoe katika aibu hii." Kila asubuhi aliamka nayo.

Jumatatu ya wiki ya sita, Jabiri, kiongozi wa darasa, alisimama mbele.

"Jamani, tulieni. Kuna jina linanisumbua. Mwanahalima Mwishehe. Kwenye orodha ya chuo yumo, darasani haonekani. Hana kundi, hana saini hata moja. Ijumaa napeleka mahudhurio na alama za kazi ofisini. Mwenye upungufu kama huu hataruhusiwa kufanya mtihani wa muhula. Anayemfahamu amwambie."

"Huyo ameshaolewa!" mmoja akapaza sauti.

"Yuko kwao anauza vitumbua!"

Kicheko kikazagaa. Mwanahalima alisikia jina lake likichezewa kama mpira. Mkono wake ulikuwa juu ya meza. Aliutazama. Haukuinuka.

Nuria akamwinamia. "Mama, utusamehe kwa kelele. Usiyaandike hayo."

Jioni ile alikaa jikoni bila kupika. Sufuria la maji lilichemka mpaka likakaribia kukauka. Jirani yake Juliana alikuja kuazima kinu. Juliana ni mama Castory, mwenyeji wa Kagera, karani wa masijala katika chuo kimoja cha uuguzi.

"Hodi! Mama Raudha, unapika mvuke leo?"

Mwanahalima akaanza kulia, na maneno yote yakatoka. Alipofika kwenye "kaeni", Juliana alijikaza.

"Ukawaambia wakae, wakakaa?"

"Wakakaa wote."

Juliana akashindwa. Alicheka mpaka akakalia kinu. Mwanahalima naye akacheka kidogo, machozi bado shavuni. Kisha Juliana akafuta macho.

"Sasa tusikilizane. Zimebaki siku nne kufika Ijumaa. Umelipeleka wapi tatizo hili?"

"Kwa Mungu."

"Vizuri. Na kwa nani mwingine?"

"Naona haya, mama Castory. Mtu mzima nikajieleze mbele ya watoto? Nikisema sasa, wataniona mwongo."

"Nami nakuombea kanisani. Lakini Mungu hatakuja kukuinulia mkono. Mkono ameshakupa." Juliana akasogea karibu. "Nimefanya kazi masijala miaka kumi na moja. Wanaopotea vyuoni si wote wasio na akili. Wengine hunyamaza na tatizo mpaka tarehe inapita. Umesajiliwa?"

"Nimesajiliwa. Kitambulisho ninacho."

"Basi wewe ni mwanafunzi kamili kama wao. Kesho anza na kiongozi wa darasa, maana orodha iko mikononi mwake. Halafu mwone mhadhiri. Kisha nendeni kwa mshauri wa wanafunzi. Kila chuo kinaye, na kazi yake ni hii hasa. Andika barua fupi. Sema ukweli, hata ule unaokuchoma. Peleka ushahidi kwamba ulikuwemo darasani."

"Ushahidi gani? Saini sina."

"Lete hilo daftari."

Juliana alifungua ukurasa baada ya ukurasa. Kila kipindi kilikuwa na tarehe, saa na maelezo. Pembeni kulikuwa na maneno madogo: mhadhiri amechelewa dakika kumi, umeme umekatika, leo vijana wana kelele.

"Mama Raudha," alisema taratibu, "hata mimi ningedhani ni mkaguzi."

Seif aliporudi, mkewe alimweleza yote. Seif akakuna kidevu.

"Mimi kazini najisifu kila siku kwamba mke wangu yuko chuo kikuu. Kumbe chuo chenyewe hakijui?" Akamsogezea kalamu. "Andika barua. Chakula nitapika mimi."

Asubuhi alimkuta Jabiri mlangoni mwa ukumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Jabiri. Mimi si mkaguzi." Alitoa kitambulisho. "Mwanahalima Mwishehe ndiye mimi."

Jabiri alisoma kitambulisho. Akamtazama usoni. Akasoma tena. Kisha akajishika kichwa.

"Mama! Wiki sita tumekaa kimya kwa ajili yako! Hata mhadhiri hachelewi tena!"

"Nisamehe. Siku ya kwanza niliona haya kusema. Baadaye nikaona haya zaidi."

Jabiri akainamisha uso. "Na jana nilikutangaza mbele yako. Wakasema vitumbua. Nisamehe na mimi, dada."

Mwanahalima alisikia lile neno "dada". Pumzi zikamrudi.

Mhadhiri wao, Bwana Leodegar, alipitia daftari lote akiwa amesimama. Alipofika kwenye maneno ya dakika kumi, alikohoa. Lakini aliandika kwa mkono wake kwamba amemwona darasani kila kipindi. Wote watatu wakaenda kwa mshauri wa wanafunzi, Bi Faudhia.

Bi Faudhia alisoma barua, kisha daftari. Hakucheka. Mwanahalima alihesabu vigae vya sakafu mara mbili.

"Bi Mwanahalima, umri haukupunguzii haki hapa," alisema mwishowe. "Wala haukuondolei kazi. Mahudhurio nitapendekeza yakubaliwe, kwa kuwa mhadhiri amethibitisha. Kazi za pamoja hukufanya. Utapewa mbili, uzimalize katika wiki mbili. Usipozimaliza, mtihani hakuna. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Ungekuja wiki ijayo, ningekuwa nakupa pole tu."

Mchana ule Jabiri alimwita mbele ya darasa. Alikwenda.

"Mimi ndiye Mwanahalima," alisema. "Kidato cha sita nimesoma masomo ya jioni. Nimechelewa, lakini nimefika. Na siku ile niliyowaambia mkae, ni mazoea ya chekechea."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Safari hii hakikumchoma. Yule wa vitumbua alisimama. "Dada, naomba radhi. Lakini vitumbua unavijua?"

"Navijua. Wewe utavinunua."

Nuria alimwingiza kwenye kundi la WhatsApp na kwenye kundi lake la kazi. Wiki mbili zile zilikuwa ngumu. Kompyuta ilimtoa jasho. Nuria alimwonyesha jinsi ya kutafuta vitabu maktaba. Ilipofika sehemu ya namna ya kumtuliza mtoto anayelia siku ya kwanza ya shule, vijana walikuwa na nadharia tupu. Mwanahalima aliwaeleza habari za watoto aliowafundisha Mzenga, mmoja mmoja, nao wakaandika. Kazi zote mbili zilirudishwa zikiwa na alama nzuri.

Siku ya mtihani alisali, akambusu Raudha, akatoka. Bado aliogopa. Nje ya chumba cha mtihani wanafunzi walipanga foleni. Msimamizi alikuwa na orodha ya walioruhusiwa. Alisoma majina polepole. Kila jina lilipopita, Mwanahalima alikaza vidole kwenye kalamu.

"Mwanahalima Mwishehe!"

"Nipo!"

Aliitika kwa sauti kubwa mno. Foleni nzima ikageuka. Kijana wa mbele yake akaficha mdomo, akanong'ona, "Madamu, tukae?"

"Kaeni," Mwanahalima akamjibu, akaingia ndani kufanya mtihani wake.