Msumari Mwekundu

Mwaka ule mitumba iliporuhusiwa, soko la Bunda lilifurika watu waliochoka kuvaa viraka. Siwema, ndani ya gauni la kijani lililomkaa sawasawa, alimfungia mteja mmoja shati kwa karatasi ya daftari kuukuu la mwanafunzi. Mteja akalisahau shati, akatoa kalamu na kuanza kusahihisha karatasi.

"Umenunua shati au umenunua makosa?" Siwema akamuuliza.

"Huyu mtoto atomi zimekataa kulingana pande mbili, akabadili namba ndogo ya chini. Namba inawekwaga mbele. Ukigusa ya chini, umetengeneza kitu kingine kabisa."

Ndivyo Isidori, mwalimu wa kemia wa Musoma, alivyotongoza. Wenzake huanza kwa kusifia macho. Lakini Siwema alicheka, na haikuchukua muda simu ya dukani kwa mzee Alawi ikawa kama yao wawili. "Mwalimu wangu, leo umesawazisha nini?" alikuwa akiuliza, na wenye foleni wakiguna.

Siku Siwema alipopelekwa kujitambulisha kijijini kwa kina Isidori, ziwani, ndama wawili walikufa kabla ya jioni. Marcelina, mama yake Isidori, hakosi kanisani, lakini alimwita mganga Makongoro mchana kweupe. Mganga akatumbukiza msumari kwenye bakuli la maji. Ukatoka mwekundu. Akasema binti yule amekuja na damu.

Isidori alipopata habari alimpigia Siwema aje kijijini, bila kumwambia sababu. Akawakusanya watu wa nyumbani uani, akaeleza. Maji ya mganga yalikuwa na mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba, na rangi yake ilifichwa na bakuli la bluu. Chuma kina nguvu kuliko shaba, kwa hiyo huiondoa kwenye mrututu na kukaa mahali pake, nayo shaba hugandia msumari. Chuma kimoja kinaingia, shaba moja inatoka. Hesabu imelingana, uchawi haumo.

Kisha akalisugua bakuli lile kwa jivu, akachota maji mtungini mwenyewe, akatumbukiza msumari mpya.

"Tazama, mama. Hamna kitu."

Wakangoja. Kuku walinyamaza, hata upepo wa ziwani ukakatika. Isidori alipoutoa, msumari ulikuwa mwekundu.

Akausugua kwa kidole, rangi haikutoka. Macho yake yakaenda kwenye mikono ya Siwema, mara moja tu, yakarudi. Siwema aliyaona.

"Hukuja kunitetea, Isidori. Umekuja kunipima." Akajifunga kanga, akashika njia ya barabarani.

"Mwache aende, mwanangu," Marcelina akasema taratibu.

Isidori alilitazama bakuli. Labda mtu aliutia mrututu mtungini. Mrututu hutapisha, akitapika mbele yao, Siwema atakuwa amesafika. Akainua, akanywa yote. Maskini, hajawahi mtu kuomba kutapika kwa moyo namna ile. Hakutapika. Yalikuwa maji ya kawaida.

Alimkuta Siwema barabarani, akingoja gari la Bunda.

"Nimeyanywa," alisema akihema. "Hayana mrututu."

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Sijui. Sikupaswa kukupima, nisamehe. Nataka kukuoa."

Siwema akamgeukia. "Huniogopi?"

"Nakuogopa sana," Isidori akasema. Akaushika mkono wa Siwema, na gari lilipofika, wakapanda wote wawili.