Maiki na Spika Visitazamane

"Zima! Nasema zima hicho kidude!"

"Nazima! Rimoti haishiki!"

"Rimoti haishiki au wewe ndio hushikiki? Chomoa ukutani!"

"Nikichomoa ghafla nitaiua!"

"Utaiua mara ngapi? Si umeshaiua!"

Mlio ukakatika. Sebule ikawa kimya, lakini masikio ya kila mtu yaliendelea kulia nziiii.

Cheche alisimama katikati ya sebule na maiki mkononi, jasho linamtiririka. Jina la Cheche alilipata kazini. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na shati lake halikukosa vitundu vya moto. Mkewe, mshonaji, alikaa kwenye cherehani yake pembeni ya dirisha. Alikuwa ameziba masikio kwa vipande viwili vya kitambaa.

Aliyekuwa anafoka ni dada mkubwa wa Cheche. Alikuja kusalimia tu. Hata kiti hakupewa, akapokelewa na yowe.

"Mdogo wangu," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa chini. "Mimi niliwaambia nini siku nalileta hili redio hapa?"

Cheche akaangalia zulia.

"Niliwaambia neno gani?"

"Nitunzieni," alijibu Cheche.

"Eeh. Nitunzieni. Sikusema lipigisheni kelele. Jumapili nakuja na boksi lake. Nikikuta linapiga yowe tena, nalibeba."

Akatoka. Chai hakunywa.

Redio yenyewe ilikuwa hom thieta, yake na marehemu mumewe. Spika ndogo tano na sabufa moja. Kila Jumapili mumewe alikuwa akiiwasha, anakaa, anafunga macho, anasikiliza. Alipofariki, dada mtu akashindwa kuitazama. Ndipo akaileta kwa mdogo wake.

Cheche aliipenda. Lakini kilichomsukuma kununua maiki si redio. Ni mkewe. Mkewe alikuwa anaimba kutwa nzima, ila cherehani nayo inanguruma kutwa nzima. Mtu hasikii kitu. Siku moja alimwambia mumewe, "Mimi sijawahi kujisikia naimba. Labda naimba kama bata, sijui." Maneno hayo yalimganda Cheche kichwani. Akaenda kununua maiki.

Tatizo ni kwamba alifunga kifundi chake. Alichomeka maiki kwenye tundu la mbele la redio. Akaimba. Sauti ikatoka nyembamba, kama mbu ndani ya chupa. Akaongeza sauti ya redio mpaka mwisho. Wimbo wa tivii nao ukapanda, ukammeza. Basi akaisogeza maiki karibu na spika kabisa, pua kwa pua. Ndipo yowe lilipotoka.

"Sasa maiki na spika vinapelekwa pua kwa pua kwa nini?" mkewe aliuliza, anatoa vitambaa masikioni.

"Ili ishike! Kazini fimbo ya kuchomelea ikiwa mbali na chuma, moto haushiki. Lazima usogeze."

"Haya, imeshika. Imetushika sisi. Mwite Mama Mitambo."

"Nimwite yule mwanamke anicheke?"

"Atacheka, halafu atatengeneza. Wewe hutengenezi na bado unachekwa."

Mama Mitambo alikaa mlango wa tatu. Kazi yake ilikuwa kufunga vipaza sauti ukumbini, kwenye harusi na mikutano. Alikuja na kanga mabegani, mdomo tayari umejaa maneno.

"Shemeji, nilisikia. Nilijua mnachinja paka."

"Karibu, shemeji. Cheka umalize," alisema Cheche.

"Nacheka baadaye. Kwanza nikuulize. Ukiwa kazini, kile kibanio cha waya unachokibana kwenye chuma, unakibana cha nini?"

"Ili umeme upate njia ya kurudi kwenye mashine. Duara lisipofunga hakuna moto."

"Vizuri. Sasa sauti yako imetoka mdomoni, imeingia kwenye maiki, imetokea kwenye spika. Na maiki inaitazama spika. Ile sauti inaenda wapi?"

Cheche akaanza kujibu, akasita. "Inarudi... kwenye maiki."

"Halafu?"

"Inatoka tena kwenye spika."

"Ikiwa kubwa zaidi. Inarudi tena, inatoka tena, inakua, mpaka inapiga yowe. Umefunga duara, shemeji! Kazini kwako duara lisipofunga hakuna kazi. Kwangu duara likifunga ndio balaa. Umechomelea masikio ya watu."

Mshonaji alicheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni.

Cheche hakucheka. Macho yalikuwa yamemtoka. Miaka yote anafanya kazi ya kufunga duara, kumbe hapa kazi ni kulikata. Kitu kikaingia kichwani na kukaa.

"Kwa hiyo spika zitazame mbele, na mimi nikae nyuma yake," alisema.

"Umemaliza shule. Na hizi mbili nani kaziweka hapa?" Mama Mitambo alinyoosha kidole juu ya kabati, nyuma ya kochi. Spika mbili ndogo zilikuwa zimekaa pale, zinamtazama mtu kisogoni.

"Za sinema. Ili risasi zisikike nyuma."

"Kwenye sinema sawa. Kwenye kuimba zinakusengenya kwa nyuma. Zihamishe, zikae mbele na wenzao."

Walianza kuhamisha. Spika zote wakazipanga mstari mmoja, mbele kidogo ya tivii, zinatazama kochi. Tivii wakaigeuza upande, ili anayeimba akisimama nyuma ya mstari bado aone maneno ya wimbo. Sabufa wakaitoa ndani ya kabati. Mle ndani ilikuwa inatikisa vikombe, na wao walidhani ni besi nzuri.

Kisha Mama Mitambo aliwasha wimbo kwenye tivii, ajaribu. Maneno yakaanza kupita kwenye kioo. Wimbo wenyewe ukachelewa kutoka.

"Mnaona? Maneno yameshafika sokoni, wimbo bado unafunga viatu. Mmeunganisha tivii kwa blutuu?"

"Ndiyo. Sipendi waya zinazozagaa."

"Blutuu inachelewesha. Ukisikiliza habari huoni shida. Ukiimba, utaimba peke yako kama umekimbiwa. Tumia waya."

"Na sauti nyembamba je?" mshonaji aliuliza. "Mimi hiyo ndiyo naitaka. Sauti."

"Hapo mnahitaji miksa. Kiboksi kidogo tu. Maiki inaingia mle, wimbo wa tivii unaingia mle, kila kimoja na kitufe chake cha kuzungusha. Maiki ikiwa ndogo unaongeza maiki peke yake, wimbo unabaki palepale. Vikishachanganyika vinatoka kwa waya mmoja kwenda kwenye redio. Na msinunue mpya. Twendeni duka la mitumba kesho, nitawaonyesha."

Kesho yake walikwenda watatu. Duka lilijaa mapasi, feni na redio zilizochoka. Cheche aliona miksa moja kubwa yenye taa za rangi zinazokimbizana. Akaikumbatia.

"Hii!"

"Unaimbia taa?" Mama Mitambo aliuliza. "Nyinyi mna maiki moja, mkizidi mtakuwa na mbili. Chukua hiyo ndogo. Haya, muuzaji, tuchomekee."

"Mama, nzima hiyo. Nakuapia," alisema muuzaji.

"Kiapo chako kiweke, nipe umeme."

Mama Mitambo alizungusha kila kitufe taratibu, sikio karibu na spika ya dukani. Kitufe kimoja kikakwaruza kama mchanga kwenye meno. Akairudisha ile miksa. Akachukua nyingine, akazungusha vyote. Safi.

"Ukisikia mikwaruzo, usikubali kuambiwa ni vumbi," aliwaambia. "Sasa maiki. Ile mliyonunua ni ya waya?"

"Ya waya," alisema Cheche. "Nilitaka ile isiyo na waya, mke wangu akanikataza."

"Alikuombea mema. Zile za rahisi zisizo na waya hazidumu, na betri utanunua mpaka uzeeke. Ya waya haina betri. Na mgeni hawezi kuondoka nayo mfukoni. Haya, imba tuijaribu."

Cheche alikuwa ameibeba; akaichomeka, akaimba palepale, mbele ya wateja. Muuzaji alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Kaka, mashine nzima kabisa. Mbovu ni wewe."

Hata Cheche akacheka hiyo.

Nyumbani, Mama Mitambo alikataa kushika waya. Alikaa kwenye kochi, akakunja mikono.

"Funga wewe. Nikifunga mimi, mtaniita kila siku, na mimi nina mume."

Cheche alifunga. Kwanza alizima kila kitu. Waya wa tivii akauingiza kwenye miksa. Maiki kwenye miksa. Kisha waya wenye pini nyekundu na nyeupe akautoa kwenye miksa, akauchomeka nyuma ya redio, kwenye tundu lililoandikwa AUX. Mikono yake ilizoea kazi ngumu kuliko hiyo. Ilikwenda bila wasiwasi.

"Vitufe vyote chini?" aliuliza Mama Mitambo.

"Chini."

"Washa. Miksa kwanza, redio mwisho. Ukizima, redio kwanza. Ukifanya kinyume, spika inapigwa kofi. Siku moja itakufa, halafu useme umerogwa."

Cheche aliwasha. Akapandisha wimbo kidogo. Akapandisha maiki kidogo. Akampa mkewe.

"Isogeze karibu na mdomo," alisema Mama Mitambo. "Usikishike kile kichwa chenye wavu. Ukikiziba kwa kiganja, kinapiga filimbi. Shika shingo. Na wewe shemeji, wimbo wenu ukisikika mpaka barabarani, punguza. Jirani hajakata tiketi."

Mshonaji alisimama nyuma ya mstari wa spika. Alifungua mdomo, akaimba mstari mmoja. Akanyamaza.

"Nini?" Cheche aliuliza.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe."

"Mbona sio bata!"

Akaimba wimbo wote. Cherehani siku hiyo ilipumzika.

Jumapili, dada mkubwa alifika na boksi. Lilikuwa boksi lenyewe la ile hom thieta, alilitunza miaka yote, hata vile vipande vyeupe vya kuikinga vimo. Akaliweka mlangoni.

"Nimekuja," alisema.

"Karibu, wifi. Kaa kwanza," alisema mshonaji.

"Nimekaa sana maisha yangu. Nionyesheni."

Cheche hakubishana. Aliwasha kwa mpangilio, miksa, kisha redio. Mkewe akaimba. Hakuna yowe. Sauti ilitoka laini, wimbo chini yake, kila kitu mahali pake. Dada mtu alisimama tu, mkoba begani, uso hausomeki.

"Huo wimbo," alisema ulipoisha. "Marehemu mume wangu alikuwa anaupenda."

Akamnyooshea mkono wifi yake. "Lete hicho."

Akaipokea maiki. Lakini hakusimama nyuma. Alikwenda moja kwa moja mbele, kwenye ile spika ya kati, akainama karibu yake na maiki mkononi, kama mtu anayetaka kuongea nayo.

Ikaanza. Nzii...

Mshonaji akashika kichwa. Dada mtu akashtuka, akageuza macho kwenye boksi.

Cheche hakukimbia na hakupiga kelele. Mkono mmoja ulishusha kitufe cha maiki, kile kimoja tu. Mlio ukafa kabla haujakua. Mkono mwingine ulimshika dada yake bega, ukamvuta taratibu mpaka nyuma ya mstari.

"Redio haina ubaya, dada. Maiki na spika visitazamane. Vikitazamana sauti inazunguka duara. Simama hapa. Shika shingo, usishike kichwa. Haya, sasa imba."

Dada yake alimtazama. "Umejifunza wapi hayo?"

"Kwa watu. Imba."

Akapandisha kitufe. Dada mkubwa akaimba. Sauti yake ilikuwa nzito, imekaa bila kazi siku nyingi, na mwanzoni ilikwama kidogo. Kisha ikapata njia. Alifunga macho. Aliimba beti zote, na mwisho wimbo ulipokwisha kwenye tivii yeye bado aliendelea, peke yake, bila muziki.

Alipofungua macho alikuta wote wanamtazama.

"Mnatazama nini? Hamjaona mtu?" Akavuta pumzi, akaweka mkoba sawa, akaanza kuondoka. Waya ukamkaza. Alikuwa ameondoka na maiki.

"Wifi, hiyo inabaki," mshonaji alisema, anacheka.

Dada mtu akacheka pia. Akarudi, akailaza maiki kwenye kochi taratibu. Akaliangalia lile boksi mlangoni. Akalisukuma ndani kwa mguu.

"Hilo mtawekea nguo. Nilisema nitunzieni, sivyo?"

"Ulisema, dada."

"Basi msinitunzie. Itumieni."

Akageuka, akaenda zake, ule wimbo bado mdomoni.