Leseni Tatu za Rhoda

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, duka la simu la Josias katikati ya jiji la Durban lilifurika mpaka mlangoni, maana nusu yake ni saluni ya dada yake, Mireille. Rhoda akapenya katikati ya wanawake wanaosukwa, sare ya unesi mwilini, midomo imekolea rangi nyekundu, simu mkononi kioo nyang'anyang'a.

"Mama, ulipigana na hii simu?" Josias akauliza.

"Yenyewe ndiyo ilianza."

Saluni nzima ikacheka. Josias, Mkongo wa shati la maua na pasi ya nguvu, akakitengeneza kile kioo polepole kuliko desturi yake. Baada ya wiki chache alikuwa anamwita sheri, yaani mpenzi kwa Kifaransa chake, na Rhoda, binti wa Kikenya, anaitika.

Kisha siku moja Rhoda akatoka kwenye harusi kule Morningside, mvinyo kichwani, usukani mkononi. Polisi wakampulizisha kipimo cha pombe. Mahakamani alikiri, akatozwa faini, na leseni yake ya udereva ikafungiwa miezi sita.

Lakini kilichomkosesha usingizi ni kazi. Alikuwa amesajiliwa na baraza la wauguzi la Afrika Kusini na lile la Kenya.

"Waambie wa mabaraza yote mawili mwenyewe, kabla hawajasikia kwingine," wakili wake, Zephaniah, akamshauri.

"Kwani Kenya watajuaje?"

"Watajua. Ulevi wanaweza kukusamehe. Kuficha, sijui."

Rhoda akaahidi. Akaahirisha.

Josias, kwa nia safi kabisa, akauliza pale saluni: "Nani iko na gari ya kumupeleka Rhoda kazini? Wamemukamatia leseni!"

Mteja mmoja, Clementina, kichwa ndani ya mashine ya kukaushia nywele, ana binamu jikoni kule hospitalini anakofanya kazi Rhoda. Kesho yake kabla ya chai, metroni, mkuu wa wauguzi, akamwita Rhoda ofisini: "Nasikia huna leseni ya unesi."

Rhoda akatoka na kupiga simu.

"Josias, umewaambia watu nini?"

"Nilisema tu leseni, sheri."

"Leseni gani?"

"Kwani iko ngapi?"

"Tatu! Ya gari, ya unesi wa hapa, ya unesi wa Kenya! Aki umenimaliza. Usinipigie tena!"

Akakata. Akalia. Kisha akanawa uso, akaandikia mabaraza yote mawili, akaeleza kila kitu, hata glasi za mvinyo alizokunywa.

Jumamosi akaenda saluni kumtolea Clementina uvivu. Akamkuta Josias amesimama juu ya kiti cha plastiki.

"Sikilizeni! Ni leseni ya gari! Unesi wake iko sawa! Mimi ndiye nilisema vibaya!"

"Shuka, utanivunjia kiti," Mireille akafoka.

"Sasa si ungesema ya gari tangu mwanzo?" Clementina akalalamika. "Nesi na leseni, mimi nifikirie nini?"

Rhoda alikuja na matusi, kikamtoka kicheko.

"Umenisamehe?" Josias akauliza kutoka kule juu.

"Nusu. Nusu nyingine inangoja majibu."

Majibu yakaja. Baraza la hapa likampa onyo na mafunzo kuhusu pombe. La Kenya likasema ameeleza vizuri, aendelee na kazi. Rhoda akayasoma palepale saluni kwa sauti, gauni la kijani linamcheza, na Josias akapiga goti kwenye nywele zilizokatwa.

"Rhoda, nikuoe?"

"Mpigie baba yangu. Lakini kwanza umwambie ile ya polisi."

"Eish! Yote?"

"Yote. Sitaki asikie kwingine."

Mireille akazima mashine zote. Josias akapiga simu, akaeleza, jasho likimtiririka. Sauti ya mzee ikatoka kwenye spika:

"Na wewe kijana, unaendesha gari?"

"Hapana, baba. Sijui hata kidogo."

"Afadhali. Njooni nyumbani tuongee."

Vigelegele vikafika barabarani.