Mkeka wa Baba Mkubwa

Asubuhi ile sikuweza kutulia. Nilifagia nikafagia tena, magimbi yakaungua jikoni. Mtoto wa kaka yangu, Falaniko, alikuwa ameegemea nguzo. Kesho yake alitakiwa mahakamani.

"Utamwambia nini hakimu?" nikamwuliza.

"Nitakubali kosa, shangazi."

"Ebo! Kwani wewe ndiye uliyempiga Ulisese?"

"Sikumpiga. Lakini baba mkubwa ameshainama."

Mambo yalikuwa hivi. Kwenye mechi ya kilikiti, mchezo wetu wa rungu na mpira, kijijini kwetu, ugomvi ulizuka. Ulisese wa kijiji jirani alivunjwa taya kwa rungu la kuchezea. Falaniko aliliokota rungu lile ili watu wasiendelee kuumizana. Polisi walimkuta nalo mkononi, wakamkamata.

Alfajiri iliyofuata, kaka yangu mkubwa Tuilagi, mkuu wa ukoo wetu, alikwenda kwa akina Ulisese. Aliketi ameinama nje ya nyumba yao, amejifunika mkeka wa thamani wa ukoo, akaomba msamaha kama desturi yetu ilivyo. Walimfunua mkeka, ishara ya kusamehe, nasi tukaja tukalia pamoja, tukala pamoja. Sisi tukadhani yamekwisha. Kumbe kesi ya polisi ilikuwa palepale.

"Nikikana," Falaniko akasema, "baba mkubwa atachekwa. Wataniuliza aliinama kwa nini."

"Na ukifungwa je? Nani atamlisha mama yako? Inuka!"

Nikamkokota hadi mjini, kwa wakili aliyepewa kazi ya kumtetea, Bi Litara.

"Hatimaye!" akasema wakili. "Nimekutumia salamu hata nimechoka. Mama, tafadhali subiri nje."

"Mimi? Nje? Nimemlea huyu!"

"Hata aliyemzaa husubiri nje. Anayoniambia mshtakiwa ni siri yake. Mimi siwezi kuitoa bila ruhusa yake."

Nilizunguka pale barazani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mara nikamwona Tuilagi anapanda ngazi, amekunja uso. Watu walishamwambia tuko wapi. Falaniko akafungua mlango, akatuita sote wawili ndani.

"Nimesikia mnataka akane!" Tuilagi akafoka. "Nimejifunika mkeka mbele za watu, halafu mtoto huyu anifanye mwongo?"

"Mzee Tuilagi, kwa heshima yako," akasema Litara, "mkeka ule uliufunika ukoo mzima. Kizimbani atasimama mtu mmoja. Kukubali au kukana ni uamuzi wake mshtakiwa. Si wangu, wala si wako."

"Kwa hiyo wewe wakili unafanya nini?"

"Namweleza sheria, nampa ushauri. Nawahoji mashahidi. Namsemea kwa hakimu. Kusema uongo mahakamani ni marufuku kwangu. Na Falaniko halazimiki kuthibitisha kwamba hana kosa. Upande wa mashtaka ndio unaotakiwa kuthibitisha kwamba analo."

"Basi nilijidhalilisha bure!"

"Hapana, mzee, ulileta amani. Mtu akipatikana na hatia, hakimu huweza kuifikiria amani hiyo anapotoa adhabu. Lakini kuinama kwako hakumfanyi Falaniko awe ndiye aliyepiga."

Tuilagi akaondoka bila kuaga.

Kesho yake Falaniko alisomewa shtaka. Akajibu, "Si kweli, mheshimiwa." Kesi ikapangiwa siku nyingine. Jamani, majuma yale! Tuilagi hakumsemesha kijana hata neno.

Siku ya kesi, Ulisese alieleza kwamba alipigwa kutoka nyuma, hakumwona mpigaji. Mwendesha mashtaka akauliza, "Kama Falaniko hakupiga, ukoo wake uliombea nini msamaha?"

Litara akamwita shahidi wake. Akaingia Tuilagi! Kumbe wakili alikuwa amemwendea bila sisi kujua.

"Mzee, kabla hujaenda kuinama, Falaniko alikwambia kwamba amempiga Ulisese?"

"Hapana."

"Ulimwuliza?"

Kaka yangu akamtazama Falaniko. "Damu ilimwagika uwanjani kwetu. Hiyo ilinitosha kuinama." Sauti yake ikakatika. "Sikumwuliza mtoto. Hakuna aliyemwuliza."

Hakimu alisema kosa halikuthibitishwa. Falaniko hana hatia, aende nyumbani.

Tangu hapo, mtu wa ukoo wetu akishtakiwa, tunampeleka kwa wakili mapema, na tunasubiri nje. Mimi ndiye ninayewafukuza mlangoni wale wanaotaka kusikiliza.

Lakini siku ile, nje ya mahakama, Tuilagi alimsimamisha Falaniko mbele ya watu wote.

"Mwanangu, ulimpiga Ulisese?"

"Sikumpiga, baba mkubwa."

"Haya. Nieleze uliyoyaona. Anza mwanzo."

Falaniko akafungua mdomo aeleze, akashindwa, akaanza kulia. Kaka yangu akaketi naye pale pale kwenye ngazi, akamngoja.