Kuni za Mzee Nolberto

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Yasna aliwasha jiko la chuma. Alipanga kuni, akapenyeza karatasi katikati, kisha akapuliza mpaka machozi yakamtoka. Jiko lenyewe lilikuwa limepasuka ubavuni, na moshi ulitokea kila mahali isipokuwa kwenye bomba lake. Lakini bila moto, nani angeishi Coyhaique, mji wa kusini ya mbali, mwezi wa Julai, theluji inapofika magotini?

"Funga hewa, mwanangu, kuni zidumu!" mama yake, Bi Hortensia, aliagiza huku akifunga viatu. Alikuwa mfagiaji shuleni na alitoka mapema. Mtaa mzima ulifanya hivyo: moto ukishika, kijimlango cha hewa kinafungwa, na kuni zinafukuta polepole hadi jioni. Kuni zikiwa kavu, moshi unavumilika. Kuni za akina Yasna mwaka huo zilikuwa zimelowa, na zilifuka kutwa nzima.

Danilo, mdogo wake wa miaka mitano, alianza kukohoa mwezi wa Mei. Kufikia Julai kifua chake kilikuwa kikipiga filimbi kila avutapo pumzi. Jumanne moja midomo yake iligeuka rangi ya zambarau. Mama akambeba mbio hadi hospitali, Yasna nyuma yake na blanketi.

Daktari hakumung'unya maneno. "Mnaota moto kwa jiko gani?"

"La kuni, daktari. La zamani."

"Linatoa moshi ndani?"

Mama akainamisha kichwa.

"Jumamosi nitamruhusu mtoto atoke," daktari alisema. "Lakini asirudi kwenye nyumba yenye jiko hilo. Liondoeni, au mtafute pengine pa kumpeleka. Kifua chake hakitastahimili mara ya pili."

Pengine wapi? Hawakuwa na ndugu mjini. Mpango wa serikali wa kubadilisha majiko ulikuwa na orodha ndefu. Zamu yao ingefika baada ya miaka miwili. Wafagiaji wenzake mama hawakumtupa. Jumatano walipika, wakauza sahani za chakula mtaa hadi mtaa, na pesa zilizopatikana zikanunua jiko la mitumba, zima kabisa, la aina inayouchoma moshi wake wenyewe kabla ya kuutoa nje. Likawekwa katikati ya sebule. Lakini jiko bila mabomba na bila fundi wa kulifunga ni pambo tu. Fundi wa kwanza alitaja bei, mama akabaki ameshika kichwa. Wa pili alisema labda Agosti.

Alhamisi jioni mama aliketi mbele ya sufuria ya supu bila kuigusa. Machozi yalikuwa yakimdondoka na hakujisumbua kuyafuta.

"Yupo fundi mmoja tu ambaye angetuhurumia," alisema. "Mzee Nolberto. Na mlango wake siwezi kuukanyaga, tapeli yule aliyetuuzia kuni mbichi."

Yasna aliurudisha mkate wake sahanini. Alijua jambo ambalo mama hakulijua.

Mwezi wa Februari, wakati wa kiangazi, Mzee Nolberto, aliyefunga majiko na kuuza kuni pia, aliwaletea kuni kavu kabisa. Mama alimwachia Yasna kazi ya kuziingiza bandani siku hiyo hiyo. Yasna alibeba mizigo miwili, akasikia marafiki wakimwita mtoni, akaenda. Kesho yake akaenda tena. Kisha mvua ikanyesha wiki nzima. Kwa hofu akazikusanya zikiwa zinachuruzika maji, akazibananisha bandani bila nafasi ya kupita hewa. Aprili mama alipozishika na kuuliza, Yasna alijibu, "Zililetwa hivyo hivyo, mama."

Mama naye hakuwa mtu wa kumeza maneno. Alisimama kwenye foleni ya mkate akatangaza, "Jamani, Nolberto anauza maji kwa bei ya kuni!" Watu walicheka, lakini hawakusahau. Lisemwalo lipo, walisema. Katika mji ule, muuza kuni mbichi hana tofauti na mwizi. Wateja walimkimbia mmoja mmoja, na mwezi wa Juni mzee akauza maksai mmoja kati ya wawili waliovuta mkokoteni wake. Na mtu mwenye maksai mmoja atafanya nini naye?

"Mama," Yasna alisema. "Mzee Nolberto si tapeli. Kuni zilikuja kavu. Mimi ndiye niliyeziacha zinyeshewe."

Mama aliinua mkono. Yasna akafumba macho akisubiri kofi, lakini kofi halikuja.

"Yaani nilimvunjia heshima mtu mzima hadharani kwa uongo wako? Na mwanangu amelazwa kwa moshi wa kuni hizo hizo?"

"Ndiyo, mama."

"Vaa koti. Twende."

Mzee Nolberto alifungua mlango, kikombe cha chai chungu ya majani iitwayo mate mkononi. Alimtazama mama juu hadi chini.

"Bi Hortensia! Karibu. Leo umekuja kununua maji?"

"Nimekuja kuomba radhi, mzee. Lakini mwenye maneno ni huyu."

Yasna alisema yote: mto, mvua, banda, uongo. Alipofika kwa Danilo alishindwa kuendelea, mama akamalizia. Mzee aliweka kikombe chini. Uso wake ulikuwa na hasira, na hakuificha.

"Mtoto aliye hospitali hajanikosea kitu," alisema hatimaye. "Kesho asubuhi nitakuja."

"Mzee, hela zetu…"

"Nimekuuliza hela? Nina mabomba mazima niliyotoa kwenye nyumba iliyobomolewa. Lile jiko lenu bovu nitalichukua, nilikatekate chuma chake. Basi, tumelipana." Akamgeukia Yasna. "Ila wewe, binti, kesho jioni utakwenda kwenye foleni ya mkate. Jina langu lilifia pale."

Ijumaa walifanya kazi kutwa. Yasna alimpa mzee skrubu na kushika ngazi iliyokuwa ikiteleza kwa barafu. Jiko bovu lilitolewa nje, na ukuta nyuma yake ulikuwa mweusi tititi. Mzee alichoma kipimo chake cha unyevu kwenye kuni za bandani, akatikisa kichwa. "Humu hata chura angefuga watoto." Aliwaletea gunia la kuni kavu, akamwonya mama asifunge hewa tena kwa kubana matumizi.

Jioni, kwenye foleni, Yasna alisimama mbele ya watu ishirini. "Kuni za Mzee Nolberto zilikuwa kavu," alisema kwa nguvu. "Nilizilowesha mimi, kisha nikadanganya." Wengine waliguna. Mwanamke mmoja alisema, "Mtoto gani huyu!" Lakini mwingine alimwita mzee, aliyekuwa amesimama mlangoni pa duka, akamwagiza kuni za mwezi mzima.

Jumamosi Danilo alirudi. Aliingia sebuleni, akanusa, akauliza moshi umekwenda wapi. Kisha akalala kwenye kiti, na Yasna akaweka sikio kifuani pake. Hakusikia filimbi. Akalia kwa furaha na aibu kwa pamoja.

Mzee Nolberto alikuwa amepita kukagua bomba.

"Sasa mambo yamekwisha, mzee?" Yasna alimuuliza.

"Hayajaisha, binti. Maksai wangu ameshachinjwa, harudi. Umesema kweli, na nimekusamehe. Lakini ungeisema Aprili, ningekuwa naye, na ndugu yako asingelazwa. Kweli ikichelewa, lazima mtu ailipie, na mara nyingi si yule aliyeificha. Safari hii tumelipa mimi na huyu mtoto."

Yasna alichukua koti lake, akamfuata mzee hadi nyumbani kwake, na tangu siku hiyo kila Jumamosi alimsaidia kupanga kuni chini ya bati, mpaka majira ya baridi yalipokwisha.