Baba Katika Dawati la Nyuma

Kila asubuhi, katika nyumba ya kina Sada mtaa wa Ndoro, Lindi mjini, pasi ya mkaa ilinyoosha nguo za wanafunzi wawili. Ilianza sketi ya Sada, ikafuata shati la baba yake. Mama aliwatengea ming'oko, viazi mwitu vya kuchemsha, na chai ya rangi, kisha akawahimiza wote wawili kwa sauti ile ile.

"Haya wanafunzi wangu, kuleni upesi. Mkichelewa msiseme mama hakuwaamsha."

Sada alikuwa na umri wa miaka kumi na minne, yuko kidato cha pili. Baba yake, Mzee Yunusu, alikuwa fundi wa pampu za maji kijijini Kinjumbi, upande wa Kilwa, tangu ujana wake. Mwaka huo mradi wa maji uliomwajiri ulileta mitambo mipya, na mafundi wakaambiwa kwamba atakayeisimamia ni yule mwenye stashahada. Baba akaomba ruhusa ya kwenda kusoma. Familia nzima ikahamia Lindi. Sada akaanza shule mpya, na baba akaanza chuo cha ufundi, akikaa pamoja na vijana ambao angeweza kuwazaa.

Masomo mengi aliyamudu. Lililomtoa jasho ni kalkulasi.

"Kalkulasi ndiyo nini, baba?" Sada alimwuliza jioni moja.

"Ni hesabu ya vitu vinavyobadilika," baba alijibu, akikuna kichwa. "Tuseme unajaza tangi ambalo ni jembamba chini na pana juu. Mwanzoni maji hupanda mbio, halafu yanapanda polepole. Kalkulasi inakwambia yanapanda kwa kasi gani wakati huo huo unapoyatazama. Ndivyo anavyosema mwalimu wetu. Mimi naisikia tu, bado sijaiona."

Jaribio la kwanza lilipotoka, baba alikuwa wa mwisho darasani. Mwalimu wake wa chuo, kijana mpole, alimwita pembeni akamwonyesha karatasi yake. "Mzee wangu, kalkulasi yenyewe unaielewa," alimwambia. "Kinachokukwamisha ni aljebra. Kufungua mabano, kuhamisha namba, mambo ya kidato cha pili. Ungepata mtu wa kukurudisha huko, ungefika."

Mwingine angeona anatukanwa. Baba aliona anaelekezwa njia.

Siku chache baadaye, Sada na wenzake walikuwa darasani wakisubiri masomo ya ziada ya hisabati. Masomo hayo yalifundishwa alasiri na Mwalimu Veronika. Mara mtu mmoja aliyevaa ovaroli ya bluu akaingia getini. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la karakana, na mkononi alishika daftari na kalamu.

"Nani yule?" aliuliza Bakary, mvulana aliyependa utani kuliko chakula.

Sada alimtambua mara moja. Hakuwa ameambiwa kwamba baba yake angekuja, wala kwa nini amekuja. Alichoona ni ile ovaroli iliyochakaa, na macho ya wenzake wote yakiwa dirishani. Shuleni hapo alikuwa mgeni bado. Ndiyo kwanza alikuwa amepata rafiki, msichana mmoja nadhifu aitwaye Nusaiba.

"Fundi wa bomba, nadhani," Sada alisema.

"Unamjua?" aliuliza Nusaiba.

"Simjui."

Alipogeuka, baba yake alikuwa amekwisha kufika dirishani. Walitazamana. Aliinamisha uso, akazunguka hadi mlangoni, akabisha hodi.

Mwalimu Veronika alimkaribisha ndani. "Wanafunzi, tuna mwenzetu mpya," alisema. "Anasoma chuo, na angependa kurudia aljebra pamoja nanyi. Mzee, jitambulishe."

Sada alishika ukingo wa dawati lake. Sasa atasema, aliwaza. Sasa kila mtu atajua mimi ni mwongo.

"Niiteni Fundi tu," baba alisema. "Inatosha." Kisha akaenda kukaa dawati la nyuma kabisa.

Jioni hiyo nyumbani, Sada alingoja kugombezwa. Hakugombezwa. Baba alimwuliza kama amekula, akamwambia asisahau kuchota maji, akaswali, akafungua daftari lake. Kimya kile kilimchoma Sada kuliko fimbo. Mara kadhaa alifungua kinywa ili aombe radhi, na kila mara aibu ikamfunga ulimi.

Fundi aliendelea kuja. Aliwaacha watoto watoke kwanza, naye akatoka baadaye na kupita njia nyingine, ili asiongozane na Sada. Darasani aliuliza maswali mengi. "Mwalimu, namba hii ilikuwa ya kujumlisha, mbona ikivuka upande wa pili inakuwa ya kutoa? Nani kaigeuza?" Darasa lilicheka, na Bakary akawa anamwigiza wakati wa mapumziko. Sada alicheka pamoja na wengine. Lakini usiku alijiuliza lile lile swali, kwa sababu hata yeye hakujua kwa nini namba hugeuka. Tangu aanze shule hiyo alikuwa akinakili majibu ya Nusaiba, na mwalimu akiuliza, "Mmeelewa?" aliitikia kwa nguvu kuliko wote.

Siku moja Mwalimu Veronika aliandika ubaoni (x + h)², akauliza nani atafungua mabano. Hakuna aliyenyoosha mkono ila Fundi. Alipita katikati ya madawati, akachukua chaki, akaandika polepole:

x² + h²

"Siyo!" alipaza sauti Bakary, aliyekuwa amechungulia jibu nyuma ya kitabu. "Fundi, hapo umepasua bomba!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu Veronika aligonga meza kuwanyamazisha. Baba alisimama na chaki yake, akamtafuta mtu mmoja tu kwa macho. Akamwona. Sada alikuwa anacheka, mkono mdomoni.

Baba aliiweka chaki taratibu, akarudi kwenye dawati lake. Kipindi hakikuwa kimekwisha alipochukua daftari lake na kuondoka.

Sada aliangalia daftari lake mwenyewe. Alikuwa ameandika x² + h², vile vile kama baba. Akachukua ufutio, akafuta haraka kabla Nusaiba hajaona.

Baada ya hapo, Fundi hakuja tena. Jioni moja Sada alikuwa akiosha vyombo uani, akamsikia baba akizungumza na mama ndani.

"Mama Sada, naona turudi Kinjumbi. Nitamwandikia mkuu wa chuo."

"Turudi kwa lipi? Si ulisema kuna jaribio la marudio?"

"Nimechoka. Umri wangu si wa madawati. Na mtoto naye ana maisha yake hapa, asije akachekwa kwa ajili yangu."

"Nani anamcheka mtoto?"

"Nitafutie karatasi," baba alisema.

Sufuria ilimponyoka Sada mikononi. Alibaki amechuchumaa pale uani, povu likimkauka vidoleni. Baba yake alikuwa anaacha chuo, na sababu ilikuwa yeye.

Kesho yake, kabla ya masomo ya ziada, alikwenda ofisi ya walimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Sada. Mbona uso umekushuka hivyo?"

"Mwalimu, yule Fundi..." Machozi yalimtangulia. "Yule Fundi ni baba yangu."

Mwalimu Veronika alimvutia kiti. "Najua," alisema.

Sada alishtuka. "Unajua?"

"Tangu siku aliyokuja kuomba nafasi. Aliniambia kwa furaha, 'Nataka nisome darasa moja na binti yangu.' Lakini siku ya kwanza ya masomo, baada ya kipindi, alirudi akaniomba nisimwite Baba Sada mbele yenu. Alisema, 'Mtoto ni mgeni, mwache kwanza apate marafiki.' Nilimkubalia kwa kuwa yeye ndiye aliyeomba. Sasa nadhani nilikosea."

Sada alilia. Alikuwa amedhani kwamba anaificha siri yake. Kumbe aliyekuwa akimfichia ni baba, huku akidharauliwa naye.

"Anataka kuacha chuo, mwalimu. Nifanye nini?"

"Ulimkana wapi?"

"Darasani."

"Basi unajua pa kuanzia," alisema Mwalimu Veronika. "Sitakulazimisha. Ila nitakupa nafasi kabla sijaanza kufundisha."

Walipoingia darasani, Bakary aliwahi. "Mwalimu, Fundi haji tena? Au kaenda kuziba bomba?" Watu wakacheka. Sada alisimama.

"Yule ni baba yangu."

Kicheko kilikatika.

"Nusaiba, uliniuliza kama namjua nikasema simjui. Nilidanganya. Aliyenisikia ni yeye mwenyewe, akanyamaza ili nisiaibike. Tena mkamcheka alipokosea ubaoni, nami nikacheka. Lakini hata mimi niliandika kosa lile lile, nikalifuta. Mimi sielewi mabano, wala sielewi kwa nini namba zinageuka alama. Ninanakili tu."

Alikaa chini, akaficha uso kwa mikono. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Nusaiba alisogea kidogo, kama anayetaka kumhama. Sada akajua amempoteza rafiki. Lakini Nusaiba alikuwa anasogea ili amtazame usoni.

"Ungeniambia," alisema kwa sauti ya chini. "Nami nakukasirikia, lakini ungeniambia."

Mwalimu Veronika alikwenda ubaoni. "Leo tutafungua mabano haya upya. Sada, toka mbele, chora shamba la mraba. Kila upande una mita tatu, kisha uongeze mita mbili."

Sada alichora. Upande mzima ukawa mita tano, na eneo lote ishirini na tano. Lakini alipofanya kama lile kosa la x² + h², tatu mara tatu ikawa tisa, na mbili mara mbili ikawa nne. Jumla kumi na tatu.

"Kumi na mbili nyingine zimekwenda wapi?" mwalimu aliuliza.

Sada aliutazama mchoro wake. Mraba mkubwa upo, mraba mdogo upo kwenye pembe. Kisha akaona. Kulikuwa na vipande viwili virefu ubavuni, kimoja huku na kimoja kule, ambavyo hakuna aliyevihesabu. Kila kimoja tatu mara mbili, yaani sita. "Vipo hapa!" alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aje Lindi, alikuwa amejibu kitu alichokielewa.

Kipindi kilipokwisha, hakusubiri kucheza na wenzake. Alikimbia moja kwa moja hadi nyumbani. Baba alikuwa amekaa barazani, karatasi ya barua kwa mkuu wa chuo iko mbele yake, bado nyeupe. Sada alipiga magoti.

"Baba, nisamehe. Nilikukana, tena nikakucheka. Leo nimewaambia wote."

"Siku ile dirishani moyo uliniuma, mwanangu, sikufichi," baba alisema. "Nikajiambia ni utoto. Lakini siku ya ubao, nilihisi nimekuwa mdogo kuliko wewe." Alimshika mkono, akamwinua. "Nimekusamehe. Simama."

"Basi usiache chuo."

"Hayo mabano yamenishinda, Sada."

"Hata mimi yalinishinda, hadi leo mchana. Njoo nikuonyeshe."

Akaokota kijiti, akachora shamba la mraba mchangani. Baba aliinama, akaangalia, akauliza, akakosea, akauliza tena. Sada naye alikwama mara mbili, ikabidi waanze upya. Mama alipowaletea kisamvu waliendelea kubishana juu ya vile vipande viwili vya ubavuni, na chakula kikapoa.

Siku iliyofuata baba alirudi darasani. Safari hii waliingia getini pamoja. Bakary alisimama mlangoni, hana utani wowote mdomoni. "Shikamoo, Baba Sada," alisema, macho chini. "Nisamehe kwa yale."

"Marahaba, baba. Yamekwisha."

Kazi haikuwa rahisi. Baba alisoma alasiri na watoto, na asubuhi na vijana wa chuo. Katika jaribio la marudio alipata alama ya kumwezesha kuendelea, na mwisho wa muhula akafaulu kalkulasi kwa C. Haikuwa alama ya kutangaza mtaani, lakini mama aliitangaza. Sada naye alipanda polepole, kwa jasho lake, bila daftari la Nusaiba.

Baba alipokuja kuaga darasa, Mwalimu Veronika alimwomba aseme neno. Alisimama mbele akiwa na ovaroli yake ya bluu.

"Wanangu, kuona haya ni jambo jema," alisema. "Mtu asiye na haya huiba, hutukana wakubwa, hudanganya na kulala usingizi. Lakini haya ina mahali pake. Ione unapotaka kufanya ubaya. Usiione unapotaka kujua. Mimi nilipokuwa na umri wenu niliona aibu kuuliza, nikaitikia 'tumeelewa' pamoja na wengine. Deni hilo nimekuja kulilipa uzeeni. Na mtu wenu, awe amechakaa au amependeza, ni mtu wenu. Msimkane. Basi."

Walimpigia makofi. Sada alipiga hadi viganja vikauma, huku machozi yakimtoka, na hakujisumbua kuyafuta.

Baba alipokwisha kuondoka, Mwalimu Veronika aliendelea na mada mpya. Aliandika mistari kadhaa ubaoni, akageuka. "Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu," waliitikia wachache.

Bakary alinyoosha mkono, akiona haya. "Mwalimu, mimi sijaelewa. Tangu mstari wa kwanza."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Veronika akachukua dasta, akafuta ubao wote, akaanza upya.