Usukani wa Bwawa la Tatu

Jirani wa mabwawa ya majitaka aliapa kwamba mwizi alikuwa pandikizi la mtu, anapita mlangoni kwa kuinama, na kwamba alfajiri ile aliuvaa shingoni usukani wa koki, lile gurudumu la kufungulia maji, akaondoka akipiga mluzi.

"Ulimwona uso?" Inspekta aliuliza.

"Afande, mimi nilikuwa chini ya kitanda. Nilimsikia."

"Urefu uliusikiaje?"

Jirani alikohoa.

Bwawa la tatu lilikuwa kavu tangu lisafishwe. Leo lilitakiwa kujazwa, na bila usukani koki haifunguki. Bwawa la pili lilishajaa karibu na ukingo.

"Akiwa mfanyakazi wangu, kazi hana!" meneja alifoka.

Inspekta alikagua koki. Haikuvunjwa. Nati nne zilifunguliwa kwa spana, zikapangwa mstari juu ya tofali.

"Mwizi msafi kuliko mimi," alisema.

Spana ya koki ilikaa na mtu mmoja tu: mama mtunza koki, miaka kumi na tisa kazini, waliyemwita Mama Spana. Alisimama ukingoni akimwangalia Inspekta anavyoshuka bwawani kutafuta nyayo.

"Uwii, mguu wangu!"

Inspekta alimkimbilia. Mguu ukapona palepale. Akarudi bwawani.

"Uwii! Mguu, baba!"

Alimkimbilia tena. Mara ya tatu alijifanya hasikii. Ndipo kitwitwi, kale kandege ka matopeni kenye miguu kama njiti za kiberiti, kakatokea mbele yake kakiburuta bawa. Inspekta, mtu wa huruma, alivua kofia akakanyatia akaokoe. Baada ya hatua ishirini kakaruka, kazima kabisa.

Inspekta alibaki na kofia tupu. Akakatazama kandege. Akamtazama Mama Spana.

"Mama, mguu upi unauma?"

"Huu wa kulia."

"Mwanzo ulikuwa wa kushoto."

Alirudi kandege kalikotokea, akichungulia kila hatua. Kwenye kokoto, kokoto nne zilikuwa mayai.

Mama Spana alishuka bila kuchechemea.

"Usukani uko wapi?"

"Jikoni kwangu, juu ya pipa. Niliutoa mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Kila mwaka nafungua maji, nazamisha viota. Ndege wenyewe wanazunguka juu siku mbili, wanalia. Mwaka huu mkono umekataa."

"Huo ni wizi, mama."

"Najua, mwanangu. Nifunge. Ila zimebaki siku nne vifaranga waanguliwe. Hebu mwambie bosi bado unapeleleza."

"Inspekta!" meneja aliita kutoka ukingoni. "Umepata nini huko?"

"Bado napeleleza!" Inspekta alijibu, akainua mguu mmoja, akatafuta pa kuuweka pasipo na yai.